Mwamba Ulio Hai na Jinsi ya Kuupima

Siku za bamvua, maji yakipwa sana, mtu aliye pwani huweza kwenda kwa miguu mbali na ufuko, mpaka akaribie mahali mawimbi yanapovunjika. Pale pana mwamba. Mgeni akiutazama husema, "Haya ni mawe tu." Lakini amekosea. Mwamba ule umejengwa na viumbe vyenye uhai, navyo huweza kushiba, kuugua na kufa.

Wajenzi wa mwamba ni wanyama wadogo sana waitwao matumbawe. Kila mmoja ana kinywa, na mikono midogo mingi imekizunguka. Huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akajijengea nyumba ngumu. Wakifa wa kwanza, wengine hujenga juu ya nyumba zao. Kazi hiyo huenda polepole mno. Yale matumbawe ya mviringo, mfano wa jiwe kubwa, huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mtu mzima lilianza kujengwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Nanga ikitupwa juu yake huweza kulivunja mara moja.

Tena, ndani ya mwili wa tumbawe hukaa mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Rangi ya kahawia tuionayo katika matumbawe hutoka kwa mimea hiyo. Kwa hiyo, kama vile daktari atazamavyo macho na ulimi wa mgonjwa, ndivyo mtu mwenye maarifa atazamavyo rangi ya tumbawe.

Ugonjwa mkubwa wa matumbawe katika siku zetu ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida la miezi ya jua kali, hata kwa digrii 1, na hali hiyo ikidumu majuma kadhaa, ile mimea hutoka mwilini mwa tumbawe. Tumbawe hubaki jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Halijafa bado, bali lina njaa. Joto likipungua upesi, mimea huweza kurudi. Likidumu, tumbawe hufa, na mwani huota juu yake.

Sasa sikilizeni habari hii. Siku moja nalikaa chini ya mkungu pamoja na wavuvi. Kijana mmoja alirudi na samaki wachache, akasema, "Mwamba wetu ndivyo ulivyo, haukosi kitoweo." Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, huujui. Zamani zetu pono walikuwa kundi kwa kundi, na matumbawe yalikuwa kama shamba lenye maua." Kijana akasema kwa adabu, "Babu, labda ni kumbukumbu za ujana tu." Mzee akanyamaza. Hakuwa na la kuonyesha, maana hakuna mtu aliyeandika. Kila kizazi hudhani kwamba bahari iliyoikuta ndiyo bahari ya siku zote. Na kwa njia hiyo mali nyingi hupotea, wala hapana anayeilia.

Dawa ya jambo hilo ni kupima na kuandika. Tazameni yaliyotokea visiwani Shelisheli, katika bahari hii yetu ya Hindi. Mwaka 1994 wataalamu walipima miamba 21 huko, wakaweka hesabu yake. Mwaka 1998 bahari ikapata joto kali, na katika visiwa vya ndani, kwa kila sehemu 100 za matumbawe hai, zaidi ya 90 zilikufa. Wataalamu wakarudi mara nyingi mahali pale pale. Mwaka 2015 walitangaza kwamba miamba 12 ilikuwa imepona, na 9 ilikuwa imefunikwa na mwani. Waliweza kuuliza, "Kwa nini hii imepona na ile haikupona?" Wakaona kwamba iliyopona ilikuwa katika maji ya kina zaidi, au ilikuwa na pango na pembe nyingi za kujificha samaki, na samaki walao mwani walikuwa wengi. Lau hawangaliandika mwaka 1994, hapana mtu ambaye angalijua ni kiasi gani kilichopotea, wala ni kiasi gani kilichorudi.

Je, mwamba hupimwaje? Kwanza, huchaguliwa mahali na kutiwa alama, ili wapimaji warudi papo hapo kila mwaka. Pili, utepe wa meta 10 hulazwa juu ya mwamba. Mzamiaji huufuata polepole, akiandika kwa kalamu ya risasi juu ya kibao cha plastiki vyote vilivyo chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Tuseme kwamba katika sentimita 1,000 za utepe, tumbawe hai limechukua 420. Basi ni sehemu 42 katika mia. Mwaka unaofuata wakipata 35, wajua kwamba kuna jambo. Tatu, huhesabu samaki kwa aina zao. Nne, hupima joto la maji, na kulinganisha rangi ya matumbawe na kadi yenye rangi hafifu mpaka rangi iliyokolea.

Lakini kupima peke yake hakuponyi. Joto la bahari huongezwa na moshi wa makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa duniani kote, na kijiji kimoja hakiwezi kulizuia. Hata hivyo kijiji chaweza kuupa mwamba nguvu za kupona. Pono na kangaja hula mwani, wakasafisha mahali ambapo matumbawe machanga yatashika. Katika miamba ya Kenya imeonekana kwamba kikande akivuliwa mno, wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama nungu huongezeka, wakaukwangua mwamba mpaka ukaliwa. Na baruti ni adui kupita wote: hupasua kwa dakika moja kazi ya miaka mia, na kuua wadogo pamoja na wakubwa.

Karibu na mji wa Unguja kiko kisiwa kidogo cha Chumbe. Mwaka 1994 mwamba wa upande wake wa magharibi ulikatazwa kuvuliwa. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawachukui bunduki, humwendea mvuvi aliyepotea njia, wakamweleza kwamba samaki wanaozaliana pale hutoka na kuingia katika maji ya wote. Na yale wayaonayo huyaandika.

Ninyi mnaosoma na kuandika, jueni kwamba mzee yule wa chini ya mkungu alikosa kitu kimoja tu, nacho mnacho mikononi: daftari. Mwamba hauna sauti ya kulalamika. Atakayeusemea ni yule aliyeutazama mwaka hata mwaka na kuandika kweli, bila kuongeza wala kupunguza.

MASWALI

1. Kwa nini tumbawe lililogeuka jeupe halihesabiwi kuwa limekufa?
2. Hesabu ya mwaka 1994 iliwafaa nini wataalamu wa Shelisheli?
3. Utepe una sentimita 1,000, na tumbawe hai limechukua 280. Ni sehemu ngapi katika mia?
4. Eleza jinsi pono na kikande wanavyousaidia mwamba.
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu, mvuvi au mkulima, ni kitu gani kilichopungua tangu ujana wake. Yaandike maneno yake, utie na tarehe.