Injini Isiyotulia Gari Likisimama: Sababu Zake na Namna ya Kuzitafuta

Mtu atokaye Nanyuki kwenda Isiolo kwa motokaa hupanda kwanza nyanda za Timau, zilizo juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka mteremko mrefu mpaka mji wa Isiolo, ulio katika mita 1,100 hivi. Katika mteremko huo dereva huondoa mguu wake kwenye mafuta mara nyingi. Injini iliyo nzima haidhuriki kwa hayo. Lakini motokaa kuukuu, ambayo injini yake hutetemeka na kuzimika kila klachi ikanyagwapo, yaweza kumtia mwenyewe hatarini. Maana breki za motokaa nyingi husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika injini. Injini ikizimika, msaada huo hutosha kukanyaga mara chache tu, na baadaye breki huwa nzito mno.

Basi injini isiyotulia gari likiwa limesimama si jambo la kelele tu. Ni dalili, na dalili hapana budi itafutiwe asili yake.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari dogo la mbio ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973. Injini yake ina silinda sita, ukubwa wa lita 2.4, na kabureta mbili. Gari likisimama, injini hiyo yapasa kuzunguka kama mara 750 kwa dakika bila kupanda wala kushuka. Ili iweze kufanya hivyo yahitaji mambo matatu: hewa kwa kipimo chake, cheche zenye nguvu, na petroli kwa kadiri ya hewa ile.

Kosa la watu wengi ni kushika bisibisi mara moja na kugeuza skrubu za kabureta. Kwa kufanya hivyo huficha ugonjwa wa kwanza na kuongeza wa pili, hata mwisho fundi hajui aanzie wapi. Afadhali kazi ifuatwe kwa taratibu, jambo moja baada ya jingine. Gari na liwekwe nje mahali tambarare, kwa kuwa moshi wa injini katika banda lililofungwa huua. Breki ya mkono ivutwe, gia itolewe, na injini ipate moto kwanza.

Kwanza ni hewa. Mipira iliyozeeka kwa joto hupasuka, na hewa isiyopitia kabureta huingia kwa siri. Mwenye gari aangalie kila mpira na kila kiungo baina ya kabureta na injini. Akinyunyizia maji kidogo penye kiungo, na sauti ya injini ikabadilika, amepata mahali pavujapo. Asitumie petroli kwa kazi hiyo, maana itashika moto.

Mpira wa kuangaliwa zaidi ya yote ni ule uendao kwenye chombo cha kusaidia breki. Injini izimwe, breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha mguu ukiwa pale pale injini iwashwe. Kikanyagio kikishuka kidogo, msaada upo. Kisiposhuka, chombo kile au mpira wake una kasoro. Tena, kama mpira huo ukibanwa kwa muda na injini ikatulia, mvujo uko upande wa breki. Gari la namna hiyo lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Kugeuza skrubu ili injini itulie ni kuziba mdomo wa shahidi.

Pili ni cheche. Plagi zitolewe zitazamwe. Ikiwa zote ni nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Zikiwa nyeupe, petroli imepungua. Ikiwa moja tu ni tofauti na wenzake, ugonjwa u katika silinda ile. Pointi za distribyuta zisiwe zimeungua, na nafasi yake iwe karibu nusu milimita. Nyaya na kifuniko cha distribyuta zitazamwe kama zina ufa.

Tatu, na mwisho kabisa, ni kabureta. Chujio la hewa lisafishwe, maana vumbi la nchi kavu hulijaza upesi. Choki irudi yote mahali pake. Pistoni ya kila kabureta iinuliwe kwa kidole, injini ikiwa imezimwa, iachwe ianguke yenyewe; ikikwama, isafishwe. Mafuta mepesi yaliyo katika kishina chake yasiwe yamekauka. Kisha kabureta mbili zilinganishwe: injini ikizunguka, mtu asikilize mdomo wa kila moja kwa mpira mwembamba uliotiwa sikioni, akijihadhari na feni. Sauti zikiwa sawa, zavuta hewa sawa.

Ndipo kipimo cha petroli hujaribiwa. Pistoni ya kabureta moja iinuliwe kiasi cha milimita moja tu. Injini ikiongeza mbio na kuendelea hivyo, petroli ni nyingi. Ikilegea na kutaka kuzimika, petroli ni haba. Ikipanda kidogo mara moja kisha ikatulia, kipimo ni sawa.

Hapa mwenye gari wa Isiolo akumbuke jambo moja. Hewa ya juu ni nyepesi. Penye mita 1,100 imepungua karibu sehemu moja katika kumi kuliko ile ya Mombasa, na juu ya Timau imepungua karibu moja katika tano. Lakini kabureta ya zamani haipunguzi petroli kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo gari lililopimwa pwani litatoa moshi mweusi na kutetemeka milimani, ingawa halina ugonjwa wowote. Yafaa lipimwe pale linapokaa na kutumika.

Ikiwa hayo yote yamefanywa na injini ingali ikitetemeka, basi valvu au pistoni zenyewe zimechakaa, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye vyombo vyake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari hili ufa waweza kuwa katika mpira mdogo wa hewa, usiozidi unene wa kidole. Naye aukaguaye kabla ya safari hatakutana na habari zake katikati ya mteremko wa Timau.