Flashi ya kusasisha BIOS: hatua, na hatari ya stima kupotea

Si wakazi wachache wa Kitui na Makueni wanaonunua kompyuta za mtumba jijini Nairobi, nao huzipata zikiwa nzima lakini na programu dhibiti ya miaka mingi. Programu hiyo, ambayo mafundi huiita BIOS, hukaa kwenye chipu ya ubao mkuu na huamka kabla ya Windows. Ikizeeka, mashine yaweza kukataa RAM iliyoongezwa, au kubaki na mianya ya usalama ambayo mtengenezaji alikwisha kuiziba. Kwa saiba inayofungua akaunti za watu za eCitizen na KRA, hilo la pili ndilo zito.

Hata hivyo, si kila hitilafu ni ya BIOS. Kompyuta inayorudi tarehe ya zamani kila stima ikipotea, kisha ikakataa kufungua tovuti ya eCitizen, kwa kawaida imeishiwa na betri ndogo ya duara, CR2032, iliyo kwenye ubao mkuu. Ibadilishwe hiyo kwanza.

Windows ikifanya kazi, faili ya BIOS huendeshwa humo humo. Flashi hutengenezwa pale Windows isipowaka, au mashine inapotumia Linux.

Kazi inayohitaji uangalifu zaidi ni kujua jina kamili la mashine. HP EliteBook 840 G1 na 840 G2 zinafanana kwa macho, lakini faili zake ni tofauti. Jina husomwa kwenye kibandiko cha chini, au kwa kuandika msinfo32 ndani ya Windows, ambapo toleo la BIOS pia huonekana. Faili ipakuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kunakiliwa kwenye flashi ya rafiki.

Flashi ya GB 4 inatosha, na vyote vilivyomo vitafutika. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, fundi hufungua Rufus, programu ya bure, akachagua flashi, FreeDOS na mfumo wa FAT32, kisha akaanzisha. FreeDOS ilianzishwa na Jim Hall mwaka 1994, Microsoft ilipotangaza kuachana na MS-DOS, na mpaka leo inafaa kwa kazi hii. Baadaye faili ya BIOS hunakiliwa humo kwa jina fupi lisilozidi herufi 8, mfano BIOS12.EXE.

Mashine ikiwashwa, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, huleta orodha ya kuchagua flashi. Isipoonekana, huenda mashine inatumia UEFI, ambayo FreeDOS haiielewi. Mashine nyingi mpya zina sehemu ya kusasisha ndani ya BIOS yenyewe, inayosoma faili moja kwa moja kwenye flashi ya FAT32. Hizo ni rahisi zaidi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker isiguswe kabla mwenyewe hajawa na ufunguo wake wa kuirejesha.

Halafu kuna stima. Ikikatika katikati ya uandishi, chipu hubaki na programu nusu, na mashine yaweza isiwake tena. Baadhi zina nakala ya akiba ndani. Nyingine hupelekwa kwa fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu, na gharama yaweza kukaribia bei ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo laptopu iwe na betri nzima pamoja na chaja, nayo kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS iliyojaribiwa. Jioni ya radi ya mwezi Novemba haifai, wala wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapopanga foleni kuwasilisha ritani za KRA.

Wakati wa kusasisha, skrini yaweza kuwa nyeusi na feni kuvuma kwa dakika kadhaa. Kitufe cha kuzima kisiguswe. Mashine hujizima na kujiwasha, pengine zaidi ya mara moja, na msinfo32 huonyesha toleo jipya.