Kalenda ya Pamoja: Jua Kama Unayo Nakala au Umeunganishwa

WIKI hii tunaacha bei na kugeukia tarehe. Fedha hupotea kwa bei mbaya, lakini hupotea pia kwa siku iliyopita bila mtu kujua: muda wa bure wa kontena bandarini umekwisha, mauzo ya hisa mpya yamefungwa, au daftari la wanahisa limefungwa kwa ajili ya gawio na jina lako halimo.

Siku hizi tarehe kama hizo huwekwa kwenye kalenda ya pamoja katika intaneti, kama Google Calendar iliyoanza mwaka 2006. Kila mshirika huziona kwenye kompyuta yake kwa kutumia Outlook, Thunderbird au Calendar ya Apple. Kuzifanya kalenda hizo mbili zikubaliane ndiko kunakoitwa kusawazisha. Tatizo ni kwamba watu huita hivyo mambo matatu tofauti, na ni moja tu lililo usawazishaji hasa.

La kwanza ni nakala. Tuseme duka la jumla lina washirika watatu: mmoja yuko Kariakoo, wa pili anatoa mizigo bandarini, wa tatu ananunua bidhaa Dubai. Wa Dubai anaandika kwenye kalenda ya pamoja kuwa meli itafika tarehe 20. Karani wa Kariakoo anapakua faili la kalenda, lile linaloishia na herufi ics, na kuliingiza kwenye Outlook. Anaiona tarehe 20, anaridhika. Baada ya siku mbili ratiba inabadilika, na meli sasa itafika tarehe 16. Mtandaoni inasomeka 16, kwa karani bado ni 20. Kompyuta haikukosea. Aliingiza nakala, na nakala haijui kinachotokea kwenye kalenda ilikotoka. Huku nyaraka za forodha hazijaandaliwa, siku za bure za kontena zimeanza kuliwa.

La pili ni kufuatilia. Hapa huingizi faili, bali unaipa programu anwani ya kalenda, nayo hurudi huko mara kwa mara kuchukua mabadiliko. Ni bora kuliko nakala, ila ni njia ya upande mmoja: utasoma, hutaandika. Tena huchelewa. Kwa mfano, Google Calendar ikifuatilia kalenda ya nje, mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa kuonekana. Kwa sikukuu na mikutano mikuu ya wanahisa yafaa sana. Kwa zabuni inayofungwa leo mchana, piga simu.

La tatu ndilo usawazishaji wenyewe, wa pande mbili. Kanuni yake inayotumika sana huitwa CalDAV na ilitolewa mwaka 2007. Ukiandika kwenye kompyuta, mtandaoni huonekana; ukifuta mtandaoni, kwenye kompyuta hufutika. Thunderbird na Calendar ya Apple zinaielewa. Outlook ya zamani, iliyozoeleka maofisini, haina CalDAV ndani yake, hivyo hutafutiwa programu ya nyongeza. Google ilikuwa na programu yake ya kuunganisha na Outlook, lakini ilisitishwa mwaka 2014. Mwongozo wowote unaokutuma kuipakua umepitwa na wakati.

Kujua unayo ipi ni rahisi. Andika tukio la majaribio mtandaoni, libadilishe saa, kisha lifute, ukiangalia kompyuta kila hatua. Halafu anzia upande wa kompyuta ufanye hivyo hivyo. Dakika chache tu, na kwa maoni yangu ni jaribio linalostahili kufanywa kabla ya kuweka tarehe hata moja ya fedha.

Saa nazo zina mtego wake. Sisi tukisema saa 3 asubuhi, kompyuta inataka 9:00. Ukiandika 3:00 utakumbushwa saa 9 usiku. Weka pia ukanda wa saa sahihi, kwani Dubai wametutangulia kwa saa moja. Na kikao cha kila wiki kilichopangwa kwa saa za London kitahama kwa saa moja kila Machi na Oktoba, kwa sababu Waingereza hubadilisha saa zao nasi hatubadilishi. Hiyo si hitilafu.

Mwisho, anwani ya siri. Google Calendar hutoa anwani ambayo yeyote aliyenayo husoma kalenda yote bila neno la siri: majina ya wateja, siku za malipo, mzigo unaokuja. Usiitume kwenye kundi la simu. Mshirika aliyewahi kuipata akiondoka, kufuta jina lake kwenye orodha hakutoshi, maana anwani ile bado inafanya kazi. Ifute kwenye mipangilio, utoe nyingine, na waliobaki waiingize upya kwenye kompyuta zao.