Namba ni Yako, Kundi ni la Nani?

Somo hili linahusu jambo ambalo watumiaji wengi wa intaneti hulifikiria pale tu akaunti inapofungwa: mwenye mahali tunapozungumzia ni nani? Katika mwambao wa Ziwa Victoria, biashara nyingi siku hizi huendeshwa kwa mazungumzo ya mtandaoni, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo hufanyika katika uwanja wa mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza. Mzigo wake hutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine. Wanunuzi wake wako Dar es Salaam, Burundi na Kongo. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, hivyo siku za mbalamwezi mzigo hupungua na bei huyumba. Habari ya bei ya leo ina thamani leo tu. Mfanyabiashara huyu ana kundi la WhatsApp lenye wanunuzi mia tatu, alilolijenga kwa miaka mitano. Je, ni lake?

Kwanza tuitazame namba yake ya simu. Tangu Machi 2017, mtumiaji wa simu nchini anaweza kuhama kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine bila kubadili namba. Ujumbe mfupi wa maandishi nao huvuka kutoka mtandao huu kwenda ule, na anayeutuma hana haja ya kuuliza mnunuzi wa Kigoma anatumia laini ya kampuni gani. Barua pepe iko vivyo hivyo. Hali hiyo haikuzuka yenyewe: watoa huduma wanaunganishwa kwa viwango vya pamoja, na haki ya kuhama na namba imewekwa kwa kanuni.

Kundi la WhatsApp halina haki hiyo. Programu, kompyuta zinazopitisha ujumbe na masharti ya matumizi vyote viko mikononi mwa kampuni moja ya Marekani, Meta, ambayo ilipoinunua WhatsApp mwaka 2014 ilikuwa ikiitwa Facebook. Mwenye kundi hawezi kulichukua jinsi lilivyo na kulipeleka kwingine. Akaunti yake ikifungwa, rufaa husikilizwa na kampuni ileile iliyoifunga. Tarehe 4 Oktoba 2021, mabadiliko yaliyokosewa katika mitambo ya kampuni hiyo yaliizima WhatsApp, Facebook na Instagram kwa takriban saa sita duniani kote. Kwetu ilikuwa tangu jioni hadi baada ya saa sita usiku. Ujumbe mfupi wa kawaida uliendelea kufika. Aliyekuwa na namba za wateja wake daftarini alipiga simu, na asiyekuwa nazo alisubiri.

Kuna mitandao iliyojengwa kwa namna nyingine. Huitwa mitandao iliyogatuliwa, kwa maana ileile ya ugatuaji tunayoijua katika serikali za mitaa: madaraka hayakai mahali pamoja. Mastodon, iliyoanza mwaka 2016, ndiyo inayofahamika zaidi. Haina makao makuu ya watumiaji wote. Chuo, chama au mtu binafsi anaweza kuendesha seva yake na kuweka kanuni zake, na watu wa seva tofauti wakasomana na kujibizana kama watumiaji wa barua pepe. Seva moja ikizimika, nyingine zinaendelea. Mtumiaji asiporidhishwa na mwenyeji wake anaweza kuhamia seva nyingine na wafuasi wake wakamfuata, ingawa maandiko yake ya zamani hubaki alikotoka.

Hata hivyo, hatupendi msomaji adhani kwamba kilichogatuliwa ni salama kwa jina lake tu. Seva nyingi huendeshwa na watu wanaojitolea. Fedha zikiisha au mwenyewe akichoka, seva hufungwa. Ujumbe wa faragha katika Mastodon unaweza kusomwa na msimamizi wa seva, ilhali ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa msimbo tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Zaidi ya hayo, wanunuzi wa dagaa hawako huko. Mtandao una faida pale walipo watu, na vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa kawaida hutaja majina makubwa tu, hivyo mtandao mdogo huweza kumgharimu mtumiaji zaidi.

Jukwaa la nyumbani nalo lina mashaka yake. JamiiForums, lililoanzishwa mwaka 2006, ni la Kitanzania lakini halikugatuliwa. Lina mwendeshaji mmoja. Juni 2018, kufuatia kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo, lilisitisha huduma kwa muda, na mijadala yake yote ikasimama kwa pamoja. Kanuni hizo husimamiwa na wadhibiti, nasi tumo, kwa hiyo si haki kuwaonya wasomaji kuhusu kampuni za ng'ambo peke yake.

Kwa mfanyabiashara wetu, ushauri wetu si kuhama. Abaki walipo wateja, ila aandike namba zao mahali pengine, katika daftari au katika simu ya pili. Aweke wasimamizi wawili au watatu wa kundi, ili akaunti yake ikifungwa kundi lisibaki bila mwenyewe. Awashe uthibitisho wa hatua mbili, kwa kuwa akaunti ya WhatsApp hufuata namba ya simu, na laini iliyoachwa bila kutumika huweza kugawiwa mtu mwingine. Bei za siku azitume pia kwa ujumbe mfupi kwa wanunuzi wakubwa kumi au ishirini. Gharama yake ni ndogo kuliko mzigo mmoja uliokosa soko.

Malalamiko kuhusu laini, vifurushi au kuhama na namba yaanzie kwa mtoa huduma wako. Usiporidhika, yalete ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Akaunti iliyofungwa na kampuni ya nje, rufaa yake huwasilishwa ndani ya programu yenyewe. Hifadhi picha ya kila ujumbe unaotuma na kila jibu unalopata.