Ng'ombe na Punda: Malisho Mamoja, Matumbo Mbalimbali
Jua, ewe msomaji, ya kuwa huko Katesh, chini ya mlima Hanang, ng'ombe na punda hula majani mamoja, wala matumbo yao si mamoja. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne: humeza upesi, kisha hutulia akacheua, na vijidudu vilivyomo huyaozesha majani yakawa chakula. Punda hacheui, tumbo lake ni dogo, na majani yake huozeshwa baadaye, katika utumbo mpana. Basi mchunga asimswage ng'ombe mchana kutwa bila ya kituo, akamnyima saa ya kucheua. Na hewa ya tumboni isipotoka kwa mbweu, humvimbisha hata akafa. Mnyama ni amana. Amana hailindwi bila ya kujuliwa.