Mia tano ya picha haikununua sura

Wamorani wa Kisamburu wanaoteremka pwani kucheza ngoma na kuuza shanga katika hoteli za Diani, Malindi na Watamu huyakuta mambo yale yale kila msimu wa watalii. Morani anaingia dukani, anaiona sura yake mwenyewe kwenye postikadi, kwenye kalenda au kwenye mkoba. Anakumbuka vizuri picha ilipopigwa: ni Archers Post, kwao Samburu, karibu na lango la hifadhi, mgeni alishuka garini na mtembeza watalii akampa shilingi mia tano. Akiuliza, anaambiwa alishalipwa, basi asilete fujo.

Jibu hilo halina msingi katika sheria ya Kenya, na ni aibu kwamba limewanyamazisha watu muda wote huu.

Anayelipwa ili asimame mbele ya kamera amelipwa kwa kusimama. Biashara itakayofanywa na picha hiyo kesho ni jambo jingine kabisa. Katiba ya 2010 inalinda utu wa mtu katika kifungu cha 28 na faragha yake katika kifungu cha 31. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayeweza kutambulika ni data yake binafsi, na kifungu cha 37 kinazuia kuitumia kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mhusika akaarifiwa tangu mwanzo. Tena kifungu cha 32 kinamtwika mpiga picha mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Morani hatakiwi kuthibitisha kuwa alikataa. Mwenye kamera ndiye aonyeshe alikubaliwa nini, na kwa matumizi gani.

Mtego wenyewe uko kwenye karatasi. Wapiga picha wanaojua soko huja na fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, mistari midogo kama chungu, inayosema aliyepigwa picha ameachilia haki zote, duniani kote, milele. Mtembeza watalii anamwambia kijana, "Weka dole hapa tu, kaka, ni ya kuonyesha umepata pesa yako." Kijana anaweka. Mara nyingine mgeni ametoa elfu mbili na mtembezaji amemkabidhi mia tano, nyingine ikapotelea mfukoni. Huo ni wizi wa mchana, na wanaoufanya ni wenyeji wanaojiita madaraja kati ya wageni na jamii yao.

Fomu ya namna hiyo haifai kuogopwa. Idhini inayotambuliwa na sheria ni ile iliyotolewa kwa hiari na kwa kuelewa. Mtu aliyedanganywa kuwa anatia dole kwenye risiti hakuidhinisha chochote. Na hata aliyeelewa na kukubali anaweza kuiondoa idhini yake wakati wowote, ingawa kuondoa huko hakuyaharamishi matumizi yaliyokwisha kufanyika kihalali.

Kwa nini basi wageni wengine hushikilia sana kwamba walilipa? Wengine wametoka nchi ambako hoja hiyo ina uzito. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria ya 1907 inayosema kwamba panapokuwa na shaka, mtu aliyepokea malipo ili apigwe picha huchukuliwa kuwa ameridhia itangazwe. Sheria ya Kenya haina dhana hiyo. Mia tano ya Archers Post haipimwi kwa kanuni ya Berlin.

Kuna kosa jingine ambalo hata watalii wa Nairobi hulifanya bila kujua. Wengi wa wamorani hutahiriwa na kuingia rika kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa mila, kijana huyo mwenye ngeu kichwani na mkuki mkononi ni shujaa wa jamii. Kwa sheria bado ni mtoto, na kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka idhini ya mzazi au mlezi. Mkuki haumfanyi kuwa mtu mzima mbele ya Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mwezi huo huo ikaitoza baa ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Kampuni ya utalii inayojaza ukurasa wake vijana wa Wamba na Maralal haina kinga yoyote ambayo baa hiyo haikuwa nayo.

Msafiri anayepiga picha za kumbukumbu ya familia asitishwe na haya. Matumizi ya nyumbani yako nje ya sheria hii. Aombe ruhusa kwanza, aseme picha inakwenda wapi, alipe mkononi mwa mhusika mwenyewe. Akikutana na afisa anayedai pesa taslimu za "kibali cha picha", adai risiti ya kaunti. Ada halali ina risiti. Anayekasirika kwa kuombwa risiti amejitaja mwenyewe.

Aliyekwisha kudhulumiwa ahifadhi ushahidi: anunue ile postikadi na risiti yake, au apige picha ya ukurasa wa mtandaoni wenye tarehe. Malalamiko kwa Kamishna wa Data yanaweza kutolewa hata kwa mdomo, na ofisi inalazimika kuyaandika. Asiyejua kusoma hahitaji wakili wala karani wa kumkamua. Uchunguzi unapaswa kumalizika ndani ya siku 90, na kifungu cha 65 kinampa haki ya kudai fidia. Mpiga picha aliyerudi kwao hajaponyoka, kwani sheria inamfuata pia aliye nje ya nchi anayetumia data za watu walio Kenya.

Lakini sheria yenyewe ina mapengo yanayouma. Hakimiliki ni ya mpiga picha, na inadumu miaka 50; aliyevaa shanga, aliyejipaka ngeu, aliyesimama juani, hana fungu lolote ndani yake. Sheria ya Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016 iliahidi kulinda mapambo na ngoma za jamii dhidi ya matumizi yasiyoidhinishwa, ila haimsaidii kijana mmoja anayetaka kujua ni nani atakayeidhinisha kwa niaba ya Wasamburu wote. Kibaya zaidi ni kipimo cha faini katika Sheria ya Data: hadi shilingi milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kampuni ya safari yenye mauzo ya milioni kumi kwa mwaka haiwezi kutozwa zaidi ya laki moja, na brosha moja yenye sura ya morani inaweza kurudisha fedha hizo kwa wateja wawili. Bunge lilichagua neno "kidogo" pale ambapo lingeweza kuandika "kikubwa", na wabunge wa kaskazini ndio wa kwanza wanaopaswa kuyapeleka marekebisho hayo.