Homa ya uti wa mgongo kwa watoto: tuzitambue dalili kabla ya kumtafuta mchawi



Mara nyingi tunawaletea habari za mashamba, mipaka na maneno yanayogonganisha majirani. Safari hii somo letu ni ugonjwa, na tuna sababu. Katika kijiji kimoja tunakofanya kazi, mtoto wa miaka minne alilala na homa, usiku akashikwa na degedege, asubuhi akafariki. Kabla ya mazishi, bibi mmoja jirani alikuwa amekwisha kutajwa kuwa mchawi. Tuliitwa kusuluhisha. Muuguzi aliyefuatana nasi aliwauliza wazazi dalili moja moja. Mama akasema: shingo ilikuwa ngumu kama mti tangu jioni. Hakuna aliyempima mtoto yule, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Lakini dalili hizo tunazijua.

Homa ya uti wa mgongo, au meninjiti, ni uvimbe wa ngozi nyembamba inayofunika ubongo na uti wa mgongo. Ile inayoletwa na bakteria ndiyo ya hatari zaidi: inaweza kumwua mtoto katika saa 24. Aina inayozusha mlipuko hupita kwa mate na makohozi ya watu wanaokaa karibu karibu. Sisi Wakongo tuliiona Banalia, katika Tshopo. Ilipotangazwa huko Septemba 2021, wagonjwa 261 walikuwa wamehesabiwa, na 129 kati yao walikuwa wamekufa. Matibabu na chanjo vilipofika, vifo vilipungua sana.

Mtoto mkubwa ataonyesha homa ya ghafula, kichwa kikali, kutapika, kuogopa mwanga na shingo iliyokakamaa: hawezi kugusisha kidevu kifuani. Anaweza kusinzia ovyo au kupayuka. Kwa mtoto mchanga usingoje shingo, kwani mara nyingi hailegei wala haikazi. Tazama utosi kama umevimba akiwa ametulia. Tazama kama anakataa titi, amelegea, au analia kwa sauti nyembamba na kuzidi kulia anapobebwa. Wengine hawana hata homa. Mwili unakuwa baridi. Madoa ya damu chini ya ngozi, yasiyofifia ukiyakandamiza kwa bilauri, ni hatari kubwa. Kwa ngozi yetu nyeusi yatafute kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope.

Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunasema ni malaria. Malaria nayo huleta homa na degedege, na mtoto anaweza kuwa na yote mawili. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, bado mwambie muuguzi habari ya shingo na utosi.

Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala mafuta mdomoni. Kisha mpeleke kituo cha afya usiku uleule. Tunajua pikipiki ni ghali na vizuizi vya barabarani usiku vinatisha. Ndiyo maana kamati mbili za amani zimepatana na wakuu wa vizuizi ili mgonjwa apite bila kulipa. Wengine waombe hivyo hivyo.

Wazazi wengi hukataa sindano ya mgongoni wakidhani inapoozesha. Maji yanayotolewa hapo hutolewa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, nayo ndiyo yanayoonyesha ugonjwa. Kinachopoozesha ni ugonjwa wenyewe. Kati ya watano wanaopona, mmoja hubaki na ulemavu: uziwi, kifafa, uzito wa kujifunza. Mwanafunzi anayeitwa mkaidi huenda hasikii tu. Chanjo za watoto wachanga hukinga baadhi ya bakteria hao, basi tazameni kadi zenu.

Bibi yule alikaa majuma matatu kwa ndugu zake. Baba wa marehemu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumrudisha, na muuguzi amealikwa tena kijijini kufundisha akina mama.